Re: Kumpima mgonjwa kwa umri wake: kichanga, mjamzito, mzee (wanaojiandaa na OSCE)

Kutoka: Nesi mgeni, Leicester

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo, na poleni na baridi.

Nimetoka wodi ya watoto Mwanza, huku nimepangiwa wodi ya wazee. OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kusajiliwa unesi huku, iko mbele yangu. Nyumbani mtoto akiletwa nilikuwa namtazama tu mlangoni najua huyu ni wa haraka. Huku mzee wa watu kalala kimya, joto 36.4, mimi naona yuko salama, daktari akija anasema maambukizi yameingia kwenye damu. Na kila kitu ni NEWS2, NEWS2, ile chati ya kumpa mgonjwa alama kwa vipimo vyake. Naombeni mnieleze, mnampimaje mtu bila kuruka kitu, na ni kipi hasa kinabadilika umri ukibadilika?

Kutoka: Dada wa wodi ya wazee, Leeds

Marahaba mdogo wangu, karibu sana.

Nianze na mtihani maana ndio unaokuumiza kichwa. Vituo ni 10, na vinne kati yake vinafuatana: unamkagua mgonjwa, unapanga huduma, unaitoa, unatathmini. Kinachowaangusha watu wetu ni ukimya. Sisi tumelelewa kufanya kazi kwa mikono, mdomo umefungwa, na msahihishaji hawezi kukupa alama kwa lililo kichwani mwako. Sema kila kitu: unanawa mikono, unajitambulisha, unauliza jina na tarehe ya kuzaliwa huku unasoma bangili, unauliza mzio, unaomba ridhaa. Kisha nenda kwa mpangilio wa ABCDE: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, halafu mwili mzima, na usisahau mgongo na visigino.

Pumzi zihesabu dakika nzima. Shika mkono wa mgonjwa kana kwamba unahesabu mapigo, umtazame kifua bila kumwambia, kwa sababu akijua atabadilisha mwendo. Chati za dunia nzima zimejaa pumzi 18 ambazo hakuna aliyezihesabu. Ajabu ni kwamba hicho ndicho kipimo kinachotangulia kuharibika.

Sasa huyo mzee wako wa joto 36.4. Tuseme pumzi ni 24, hapo ana alama 2. Oksijeni kidoleni 95, alama 1. Namba ya juu ya presha 104, alama 1. Mapigo 104, alama 1. Joto sifuri, na anapumua hewa ya kawaida. Jumla 5, na hakuna namba hata moja hapo ya kukushtua ukiitazama peke yake. Kwa NEWS2, 5 maana yake daktari aitwe haraka, vipimo virudiwe angalau kila saa, na mtu ajiulize kama ni sepsisi, yaani mwili umezidiwa na maambukizi. Halafu mwanawe anakwambia, "Baba leo hanijui." Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla ni alama 3, sasa umefika 8. Kuanzia 7 ni dharura, unaita timu. Hata hiyo 3 ingekuja peke yake, bado lazima aonwe haraka.

Mzee anaweza kuumwa sana bila homa kabisa. Kwa hiyo usiulize tu "ana joto?" Uliza, "Jana alikuwaje?" Mzee anayepiga kelele kila mtu anamwona. Wa hatari ni yule ambaye manesi wa zamu wanamsifu kwamba leo ametulia. Huku tunatumia 4AT, kipimo kifupi cha kuchanganyikiwa: unaangalia alivyo macho, unamuuliza umri, tarehe ya kuzaliwa, hapa ni wapi na huu ni mwaka gani, unamwambia ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba, na unaulizia kama hali imebadilika karibuni. Alama 4 na kuendelea, fikiria delirium, huko kuchanganyikiwa kwa ghafla.

Presha ya mzee anayeanguka pimeni akiwa amelala dakika tano, kisha akisimama ndani ya dakika ya kwanza, kisha dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, umeshapata sababu moja ya kuanguka. Na kuvuta ngozi ya mkono kutafuta upungufu wa maji kwa mtu wa miaka 85 ni kujidanganya, ile ngozi imelegea siku nyingi. Angalia ulimi, mkojo, na anachokunywa.

Kutoka: Wa watoto, Birmingham

Sista, usitupe ulichokuja nacho! NEWS2 haitumiki chini ya miaka 16. Watoto wana chati zao, PEWS, na England imekuwa na moja ya kitaifa tangu Novemba 2023. Ndani yake kuna swali la wasiwasi wa mzazi, na linazingatiwa. Mama akisema "mtoto wangu hayuko sawa", hiyo ni dalili kama dalili nyingine.

Zile namba za IMCI, mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa, tulizokaririshwa Nairobi na Mwanza bado zinakusaidia kufikiri. Pumzi ni za haraka mno zikifika kwa dakika 60 na zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 hadi mwaka mmoja, 40 hadi miaka mitano. Kichanga hupumua kwa kusitasita, ndiyo sababu kuhesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili haifai. Mapigo ya aliye chini ya mwaka yatafute mkononi juu ya kiwiko, upande wa ndani, maana shingo yenyewe huioni.

Mpangilio wa kichwa hadi miguu kwa mtoto wa miaka miwili usahau. Mwache mapajani mwa mama. Sikiliza kifua angali ametulia, tazama mbavu kama zinavutwa ndani na pua kama zinapanuka, masikio na koo viwe vya mwisho kabisa. Utosi ushike akiwa ameketishwa na halii, kwa kuwa kilio peke yake huuvimbisha. Na usisubiri presha ishuke. Mtoto hujikaza, hujikaza, kisha anaporomoka mara moja. Bonyeza kifuani sekunde tano uachie, rangi irudi kabla ya sekunde mbili.

Kuna jambo moja linalotuhusu hata kama wazazi. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya bluu kiunoni na matakoni. Asiyeyajua huyadhani michubuko, na hapa mchubuko kwa mtoto asiyetambaa unaanzisha uchunguzi wa ulinzi wa mtoto, na ni haki yao kuuliza. Hakikisheni mkunga ameyaandika tangu mwanzo kwenye kile kitabu chekundu cha mtoto. Nimeona familia zikihojiwa kwa sababu hakuna aliyeandika.

Kutoka: Mkunga, Bristol

Kwa kifupi, niko zamu.

Mjamzito naye msimpime kwa NEWS2, ana chati yake. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa akiingia wodi ya kawaida, muulize kama ana mimba au amejifungua ndani ya wiki sita zilizopita. Presha 140/90 na kuendelea, pimeni protini kwenye mkojo, ulizeni kichwa kuuma, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu. Mwenye tumbo kubwa asilazwe chali, alale ubavu wa kushoto.

Kutoka: Kaka wa ICU (wodi ya mahututi), London

Niongezee la ngozi, maana vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe.

Kile kifaa cha kidoleni huweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa mtu mweusi. Namba ikikwambia 95 na mgonjwa anahema, mwamini mgonjwa. Ubluu tafuta kwenye ulimi, fizi na ndani ya kope. Manjano tafuta kwenye weupe wa jicho. Kidonda cha mgandamizo hakitakuonyesha wekundu, kwa hiyo gusa: joto, ugumu au ulaini tofauti na upande wa pili. Andika "ngozi nyeusi, eneo la moto na gumu kisigino cha kulia", usiandike "hakuna wekundu" ukaenda zako.

Dada zetu wenye piko vidoleni, tafuteni kidole kisichopakwa. Kifaa cha kidole kisibanwe sikioni, kuna kihisi chake cha sikio.

Kutoka: Nesi mgeni, Leicester

Asanteni mno, nimeyanakili yote. Swali dogo: tumbo nalo? Chuoni tulifundishwa kutazama, kupapasa, kugonga, kusikiliza, na hapa mwenzangu amenikatiza.

Kutoka: Dada wa wodi ya wazee, Leeds

Mwenzako yuko sahihi. Huo mpangilio ni wa kifua. Tumbo unatazama, unasikiliza, unagonga, ndipo unapapasa, kwa sababu ukilibonyeza kwanza unaubadilisha mwendo wa utumbo uliotaka kuusikia. Panapouma paache mwisho, na macho yako yawe usoni kwa mgonjwa, si kwenye mkono wako. Jumapili jioni niko nyumbani, nipigie kwa video tufanye mazoezi ya kusema kwa sauti. Mwambie mumeo alale kitandani awe mgonjwa.