Mrejesho: mgongo wa binti yangu na moyo wake

Wapendwa, niliuliza hapa kama mtoto wa miaka 13, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo likazibwa akiwa mdogo, anaweza kufanyiwa upasuaji wa kunyoosha mgongo uliopinda nyuzi 58. Mkanishauri tusikubali tarehe kabla moyo haujapimwa upya. Asanteni sana.

Tulitoka Dodoma na treni ya SGR hadi Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Daktari alitugeuzia kioo cha eko, ile ultrasound ya moyo: tundu limeziba vizuri, ila presha ya mishipa ya mapafu imepanda kidogo. Akalaza kiganja mezani, akakikandamiza kwa kingine. "Atalala kifudifudi saa nyingi, kifua kimebanwa, na damu inapotea. Moyo usio na shida huvumilia. Huu lazima tuujue kwanza."

Kumbe hata mgongo wenyewe ukiachwa uendelee kupinda hubana mapafu na kuuchosha moyo! Mimi nilishaanza kusema bora tuache tu.

Sasa yuko kwenye dawa, atapimwa pumzi, kisha madaktari wa moyo, mifupa na usingizi wakae pamoja. Kitanda cha ICU kiwepo kabla hajaguswa.

Mwenyewe anauliza tu kama atarefuka.