MJADALA: Umeme wa ushirika Nyanda za Juu Kusini – wanachama waumiliki, au tusubiri gridi?

Mleta mada (Njombe)
Ndugu zangu, naomba hili tulijadili kwa hesabu. Mito yenye maporomoko tunayo, na mifano ipo. Ludewa, watumiaji wa Lupande, Madunda na Mawengi wana chombo chao, LUMAMA, kinachosimamia umeme wa maji. Mufindi, mradi wa Mwenga wa megawati 4 ni wa kampuni binafsi, unaiuzia TANESCO na vijiji pia. Sasa gridi ya REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, inasogea na kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Je, kuna sababu ya kijiji kuanzisha ushirika wake? Nasema ipo: kila mwanachama kura moja hata awe na hisa ngapi, ziada ni yake, na nguzo ikianguka fundi yuko hapohapo.

Mhasibu wa vyama vya ushirika (Iringa)
Ndugu, ziada isubiri kwanza. Chukua mtambo wa kilowati 50, kaya 300, kila kaya uniti 20 kwa mwezi. Hizo ni uniti 6,000. Ukitoza shilingi 100 kwa uniti, kama TANESCO inavyowatoza watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75, unapata laki sita. Waendesha mtambo wawili kwa laki mbili na nusu kila mmoja, imebaki laki moja. Beringi, mafuta ya transfoma, karani na ukaguzi wa hesabu vitalipwa na nini?

Na hapa ndipo vyama vingi vinakufa: bei inapigiwa kura na walewale wanaoilipa. Mkutano mkuu unashangilia bei ya chini, miaka mitano inapita, jenereta inaungua na akaunti ni tupu. TANESCO inaweza kutoza 100 kwa sababu wateja wakubwa wa mijini na viwandani wanaibeba. Ushirika wa kijiji kimoja hauna wa kuubeba.

Hata Marekani, ambako ushirika wa umeme vijijini ulishika kasi baada ya sheria ya 1936, laini hazikujengwa kwa viingilio vya wakulima. Serikali ilitoa mikopo ya muda mrefu yenye riba nafuu. Ziada nayo haigawiwi mara moja: inaandikwa kwa jina la mwanachama, inafanya kazi kama mtaji kwa miaka mingi, ndipo analipwa.

Fundi mitambo (Ludewa)
Mhasibu, hesabu yako ni sahihi ila umeangalia taa tu. Mtambo huo ukizunguka mwezi mzima unaweza kutoa uniti 36,000. Wewe umeuza sehemu moja ya sita, maji mengine yote yamepita bure. Weka mashine tatu za kusaga, kila moja kilowati 10, saa nne kwa siku, siku 26: uniti 3,120. Zitoze 300, ni zaidi ya laki tisa, na mwenye mashine bado anaweza kupata nafuu kuliko dizeli. Ushirika usiotafuta wateja wa mchana usijengwe. Mashine hizo ziwe na stata ya kupunguza mshtuko, maana mota inapowaka huvuta mara tano au sita ya mkondo wake wa kawaida, na kwenye mtambo mdogo taa za kijiji kizima zinafifia.

Kosa jingine ni waya. Watu wanavuta laini ya njia moja (fezi moja) kilomita nzima kwa alumini ya milimita 25 za mraba kwa sababu ni rahisi. Mzigo wa kilowati 5 mwisho wa laini hiyo unapoteza volti 50 hivi. Mteja anabaki na 180, mota zinaungua, lawama kwa bodi. Waya uleule kwa njia tatu, mzigo ukigawanywa sawasawa, unapoteza volti 9 tu. Na kwa radi zetu hizi, kila transfoma iwe na vizuia radi na waya wa ardhini uliopimwa, ukinzani wake usizidi omu 10.

Mjumbe wa kamati ya maji (Rungwe)
Fundi, shikamoo. Kilowati 50 zako ni za Machi. Lita 80 kwa sekunde zikianguka mita 100 zinakupa hizo, nakubali. Oktoba mto unabaki na lita 30, unapata 19. Juu ya banio, pale maji yanapochepushwa kwenda mtamboni, watu wanalima vinyungu (bustani za mabondeni) na kupanda mikaratusi hadi kwenye chemchemi. Sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka mtoni, lakini TANESCO haitakwenda kumng'oa mkulima. Ushirika unaweza, kwa sababu mwenye kinyungu ndiye mwanachama na taa yake ndiyo inayozimika. Hii kwangu ndiyo sababu kubwa ya umiliki kuliko ziada.

Mleta mada
Marahaba ya fundi naiitikia kwa niaba yake. Mhasibu, nakubali kuhusu bei: iwekwe kwenye masharti ya chama kwamba sehemu ya kila uniti iende akaunti ya matengenezo, isiguswe na bodi bila mkutano mkuu. Gridi ikifika je?

Mhasibu
Hapo lazima muamue kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mkataba wa mzalishaji mdogo wa kuiuzia TANESCO unaanzia kilowati 100. Mtambo wa 50 hauingii. Gridi ikifika, wanachama watahamia bei ya shilingi 100 na deni litabaki na chama. Kwa hiyo ama vijiji viwili vitatu viungane, vijenge zaidi ya kilowati 100 kwenye mto unaobeba kiasi hicho, ama kijiji kiwe mbali na gridi kiasi cha kumaliza mkopo kwanza. Na nguzo na waya viwe vya viwango vya TANESCO tangu mwanzo. Laini ya miti mibichi haitanunuliwa na yeyote.

Fundi mitambo
Naunga mkono. Mjumbe, marahaba. Pimeni mto Oktoba, miaka miwili mfululizo, kisha ndipo muitishe kikao cha hisa.