Vifuu au pumba za mpunga kwa elektrodi za supakapasita?

mwana_tanga: Wakuu habari zenu. Huku kwetu vifuu vya nazi vimejaa, na pumba za mpunga napata bure mashineni, nataka nitengeneze kaboni ya elektrodi (zile sehemu za kaboni zinazobeba chaji) za supakapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme kinachochaji haraka, kwa projekti ya mwaka wa mwisho. Nimechoma vifuu kwenye pipa, mkaa umetoka mzuri ila nikipima na multimita naona kama haupitishi umeme kabisa. Shida nini? Na kipi bora kati ya hivyo viwili?

fundi_kaboni: Mkuu shida ni joto. Pipa la kawaida linacheza kwenye nyuzi 400 au 500, na mkaa unaanza kupitisha umeme vizuri ukivuka 700 hivi, kwa hiyo tafuta tanuru la maabara ufike 800 na hewa isiingie, la sivyo utabaki na majivu. Halafu kupitisha umeme peke yake haitoshi, chaji inakaa kwenye kuta za vitundu vidogo sana ndani ya kaboni, na mkaa mbichi vitundu vyake ni vichache. Lazima uuamshe, yaani uongeze vitundu, kwa mvuke wa maji nyuzi 800 hadi 900 au kwa potasiamu hidroksaidi. Ukiuamsha vizuri gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani zaidi ya mita za mraba 1,000! Mi nakushauri mvuke, ile potasiamu inaunguza ngozi na inakula hadi chombo unachochomea.

dada_maabara: Anza na vifuu mdogo wangu. Hata viwandani kaboni nyingi ya supakapasita inatokana na vifuu, ni vigumu na majivu yake kidogo sana. Pumba zina silika nyingi (madini kama ya mchanga), inabidi uzichemshe na soda kali kuitoa, ingawa silika ikitoka inaacha vitundu vizuri tu. Zifanye baadae kama jaribio la kulinganisha, wasimamizi wanapenda hiyo.

mwana_tanga: Asanteni sana. Elektrodi naweza kupaka kwenye foili ya aluminiamu ya jikoni?

fundi_kaboni: Kama elektrolaiti, yaani kile kimiminika kinachokaa kati ya elektrodi, ni ya potasiamu hidroksaidi hapana, aluminiamu italiwa na kutoa gesi ya haidrojeni, tumia karatasi ya grafaiti au wavu wa nikeli. Na usichaji kupita volti 1 hivi, maji yenyewe yanaanza kuvunjika kwenye 1.23.