Tiba mtandao vijijini: daktari wa kwenye simu anatosha?

Mleta mada:
Wakuu, wiki iliyopita nilipanda Noah ya kutoka Ileje kuja Mbeya, pembeni yangu mzee mmoja wa presha, kadi ya kliniki kaikunja kwenye mfuko wa nailoni. Alitoka nyumbani alfajiri, alale kwa shemeji yake, kesho ndipo amwone daktari. Nikamuuliza mara ya mwisho aliambiwa nini. "Endelea na dawa zilezile, rudi baada ya miezi mitatu." Basi! Kwa nini asipimwe palepale zahanati, daktari akamsikiliza kwa video? Tiba mtandao ianze hata kesho.

Wa Makete:
Kaka, wewe uko mjini. Huku kupiga simu ya kawaida tu unapanda kilima cha shule, na masika sola ikilegea ndiyo basi tena. Tupeni kwanza daktari wa kumshika mgonjwa tumbo.

Nesi wa zahanati, Ludewa ziwani:
Huyo mzee namudu: nampima, natuma namba, daktari anajibu hata kwa meseji. Video ya nini? Ila akimbadilishia dawa, huenda zahanati haina, na mzee atapanda boti vilevile.

Mimi namhitaji mtu wa kumuuliza saa nane usiku. Mjamzito kaja, presha 170 kwa 110, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Naanza sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, nataka sauti ya aliyenizidi upande wa pili, tena nataka gari. Angalieni m-mama, ule mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito uliozinduliwa kitaifa 2022: unapiga 115 bure, unaulizwa dalili, linatumwa gari la wagonjwa au dereva wa hukuhuku anayelipwa akishamfikisha mama. Kitochi kinatosha. Nyuma ya ile simu kuna magurudumu.

Mleta mada:
Ndaga, asante dada. Narudi nyuma: tuanze na simu ya nesi kwa daktari, siyo ya mgonjwa. Lakini wa Makete simwachii. Daktari wa kila kijiji hatumpati leo wala mwakani, na presha haisubiri ajira.

Wa Makete:
Simu sijaikataa. Naogopa wakishatufungia kioo cha video ukutani watasema daktari mnaye, ikama, yaani idadi ya watumishi tunaostahili, imejaa.

Nesi:
Hilo la ikama hata mimi linanikosesha usingizi. Na bando atanunua nani? Mpaka leo wagonjwa wote nawaulizia kwa vocha yangu.