Mrejesho: Bima yangu nikiendesha gari la mtu mwingine

Niliuliza kama bima kubwa ya gari langu (ile inayolipia hata uharibifu wa gari langu mwenyewe) inanilinda nikiazima gari la mtu. Asanteni kwa majibu. Kwa kifupi, usijiaminishe.

Kwa kawaida bima hufuata gari, si dereva. Kwa hiyo hati ya kusoma kwanza ni ya gari unaloazima, pale inapotaja nani anaruhusiwa kuendesha. Ikisema dereva yeyote mwenye leseni halali kwa ruhusa ya mwenye gari, umo. Ikiwa imeorodhesha majina na lako halipo, kampuni inaweza kukataa kulipa.

Baadhi ya bima zina kipengele cha kuendesha magari mengine. Hakiji chenyewe eti kwa kuwa umelipia bima kubwa. Lazima kiwe kimeandikwa kwenye cheti chako. Hata kikiwepo, mara nyingi hufidia tu madhara unayomsababishia mtu wa tatu, yaani mtu wa nje au mali yake: ukibamiza gari uliloazima kwenye ukuta wa watu, ukuta utalipiwa, gari hapana. Hapa ndipo wengi hunasa. Na gari la kukodi au la mwenzi wako mara nyingi halimo kabisa.

Nilichoamua: mwenye gari aiombe kampuni yake iniongeze kama dereva wa muda, tarehe za kuanza na kuisha zitajwe, na uthibitisho uje kwa maandishi kabla sijashika usukani. Tutakubaliana pia nani atalipa ile sehemu ya hasara ambayo bima humwachia mteja.