Msaada wa haraka: mayai ya Kitamil (muttai podimas) bila kutoa harufu

Kijana wa Mikumi: Wakuu habari za majukumu. Nipo masomoni Chennai, India. Kesho jioni wenzangu wa darasani wanakuja, nataka niwapikie muttai podimas, yale mayai ya kuvuruga yenye haradali na majani ya kari. Nikipika mimi yanatoka mayai ya kawaida tu, ya njano. Halafu yasitoe harufu kabisa, hilo ndilo muhimu zaidi. Natanguliza shukrani.

Mama Salha: Mwanangu, unaharakisha. Nimekaa huko mume wangu alipokuwa kikazi, jirani Mtamil alinisimamia jikoni. Mafuta ya ufuta yapate moto sawasawa, tia mbegu za haradali, funika, zipasuke mpaka zinyamaze. Zisipopasuka utatafuna uchungu. Fuatisha punje chache za urad dali (choroko nyeusi zilizokobolewa), zikibadilika rangi tia majani ya kari mabichi (simama mbali, mafuta yanaruka), vitunguu vingi, pilipili mbichi, tangawizi, manjano, chumvi. Kitunguu kikilainika, pasulia mayai humohumo. Usiyapige bakulini, maziwa usiguse. Yaache yashike chini kidogo ndipo ukwangue na kuvuruga, moto mdogo, mpaka yawe chengachenga makavu. Kerala wanatia na nazi iliyokunwa. Mimi hayo ndiyo yangu.

Fundi Kipara: Nazi! Mke wangu wa kwanza, Mdigo wa Tanga, alinitilia tui kwenye mayai nikamwambia haya sasa maharage. Ndoa haikufika Ramadhani. Leo nasoma hapa njaa inaniuma, na majuto juu.

Daktari Mkavu: Kwa nini harufu isitoke? Unamficha nani?

Kijana wa Mikumi: Majirani tu mkuu.

Daktari Mkavu: Majirani gani? Funguka usaidiwe.

Kijana wa Mikumi: Haya. Mwenye nyumba ni mama wa Kibrahmini, wale Wahindu ambao wengi wao hawagusi nyama wala mayai, yeye chini mimi juu, hapa Mylapore, nyuma ya hekalu la Kapaleeshwarar. Mkataba unasema nyama, samaki na mayai visiingie. Lakini jamani yai si nyama, halina damu. Kodi nalipa, tena kwa wakati. Na trei nimeshanunua, watu nimeshawaalika.

Ustadh wa Kariakoo: Umesaini kwa mkono wako. Umpangishe mtu chumba, umkataze kitimoto, akujibu "nitapika kisitoe harufu", utamwelewa?

Kijana wa Mikumi: Haifanani ustadh. Serikali ya Tamil Nadu yenyewe inawapa watoto mayai shuleni, na wilaya ya Namakkal inaishi kwa mayai. Wangeanza na serikali basi.

Pilato: Chai hii. Nilimpeleka mzee matibabu Chennai, tulifikia nyumba ya wageni, omleti kila asubuhi. Halafu wewe juzijuzi kwenye uzi wa bodaboda si ulikuwa Msamvu, injini inavuja oili? Leo uko nyuma ya hekalu?

Fundi Kipara: Chai ya rangi, hata sukari haina.

Kijana wa Mikumi: Akaunti tunatumia na kaka. Bodaboda ni yake.

Mama Salha: Pilato, nyumba ya wageni si nyumba ya mtu. Kule hata keki ya pakiti ikiwa na yai haiwekwi alama ya kijani ya vyakula visivyo na nyama, inawekwa ya kahawia sawa na nyama. Dalali alituzungusha, kila nyumba "mnakula nini?" kabla ya kuulizwa mko wangapi. Ila mwanangu, haradali na kari vitafunika harufu, maganda kwenye ndoo ya taka utayafunika na nini? Dada wa usafi ataona. Kapike kwa hao wenzako.

Kijana wa Mikumi: Wako hosteli mama, jiko hawana. Maganda nitayabeba kwenye begi hadi chuoni. Na udi nitawasha.

Ustadh wa Kariakoo: Kumbe ulishaamua. Ushauri ulikuwa wa nini?

Pilato: Weka picha ya trei tuamini.

Kijana wa Mikumi: Siwezi kulitoa sasa, mama yuko ngazini anamwagilia mrihani wake, na mlango wangu haufungi vizuri. Liko chini ya kitanda.

Mama Salha: Chini ya kitanda, Chennai, joto la Mei? Tangu lini? Yatie kwenye maji kwanza, yatakayoelea tupa.