Wajukuu wa Bibi Mwanakombo: Mwanaidi anahamia Dar

Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu mambo. Barua imetoka jamani 🙏 Naripoti kazini tarehe 2 Machi, hospitali, Upanga. Sasa natafuta chumba. Uwezo wangu laki na ishirini kwa mwezi, nikijibana sana laki na nusu. Mtaa gani?

Mjomba Salimu: Marahaba mwanangu. Hongera sana, Mungu akutangulie.

Ma'mdogo Rehema: Hongera mama!! 🎉🎉 Chumba cha nini sasa na mimi nipo Mbagala? Tangu Asha aende chuo chumba chake kimekaa tu.

Mama Mwanaidi: Ndiyo nilivyomwambia. Eti anataka kwake.

Mwanaidi: Ma'mdogo nitakuja kila nikiwa ofu. Ila nina zamu za usiku, sitaki kuwagongea geti saa za ajabu.

Juma: 😂😂 sababu ya kitaalamu hiyo

Zuhura: Njoo Kigamboni mdogo wangu. Kwa hela hiyo huku Kibada unapata chumba na sebule, choo ndani, na upepo juu.

Juma: Na pantoni je?

Zuhura: Daraja lipo.

Juma: Daraja linakuvusha mpaka Kurasini. Upanga bado, na foleni bado.

Iddi: Sinza. Vijana wote wako Sinza

Mjomba Salimu: Ndiyo maana asikae.

Iddi: Mjomba 😅

Mjomba Salimu: Sisemi Sinza pabaya. Nasema huyu akitoka zamu ya usiku analala saa tatu asubuhi mpaka saa nane. Wakati huo jirani kashafungua baa yake, anajaribu spika. Mwanaidi, acha kwanza majina ya mitaa. Unaingia kazini saa ngapi?

Mwanaidi: Zamu ya asubuhi saa moja na nusu. Ya usiku naingia saa mbili, natoka asubuhi.

Mjomba Salimu: Basi sikiliza. Upanga iko upande wa mjini wa bonde la Msimbazi. Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni, Sinza, zote ziko ng'ambo ya bonde. Mvua ikipiga usiku kucha, Jangwani inajaa, barabara inafungwa, mwendokasi zinageuzia Magomeni. Na wewe unaripoti Machi, masika yako mlangoni. Aliyekesha wodini anakusubiri umpokee, utamwambia Jangwani imejaa?

Juma: Mjomba ni kweli, lakini ni siku chache kwa mwaka. Siku nyingine mwendokasi toka Kimara mpaka Fire ni gari moja, hubadili. Nasafiri nayo tangu ianze 2016. Ukishuka Fire unaingia barabara ya Umoja wa Mataifa kwa miguu, umefika.

Mjomba Salimu: Siku nyingine umebanwa mlangoni, mbavu hazina pa kukaa.

Juma: Hapo sibishi.

Mwanaidi: Na Jangwani ikifungwa nyie mnapitaje?

Juma: Tunazunguka Kinondoni tutokee daraja la Salenda. Ila siku hiyo jiji zima liko Salenda. Ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bado unachelewa.

Mwanaidi: Mmh. Kuna dalali kanitumia hiki, Magomeni Suna. Elfu themanini tu! Kina tailizi, rangi mpya.
[Picha]
[Picha]

Mama Mwanaidi: Kizuri. Mbona rahisi hivyo?

Mjomba Salimu: Kuza picha ya kwanza. Soketi ziko wapi?

Mwanaidi: Ziko juu. Usawa wa kifua hivi.

Juma: 😳

Mjomba Salimu: Mlangoni kuna nini?

Mwanaidi: Kama kangazi ka tofali. Unapanda halafu unashuka ndani.

Mjomba Salimu: Hiyo si ngazi mwanangu, ni ya kuzuia maji. Nyumba ikiwa na tofali mbili za kuruka mlangoni na soketi kifuani, imeshaoga hiyo, tena si mara moja. Na rangi mpya imeishia nusu ya ukuta, sivyo?

Mwanaidi: Eeh 😭 juu ni rangi ya zamani

Ma'mdogo Rehema: Kaka ungekuwa polisi wewe.

Zuhura: Aangalie na alama ya X ukutani. Ikifutwa huwa inaacha kivuli.

Juma: Hilo kweli kabisa. 2017 huku kwetu wakati wa kupanua Morogoro Road nyumba za kandokando zilipigwa X zikavunjwa. Jirani yangu alikuwa ametoka kulipa kodi ya miezi sita. Mwenye nyumba naye analia, sasa utamdai nani?

Mama Mwanaidi: Huyo dalali mfuteni kwenye simu.

Mwanaidi: Mama anadai elfu kumi ya kwenda kuonyeshwa.

Mama Mwanaidi: Aje aichukue Tanga.

Mjomba Salimu: Ningekuwa wewe ningetafuta Ilala. Maeneo ya Amana, siyo kule kunakoteremkia bondeni. Ilala, Kariakoo, Fire, Upanga, yote upande mmoja, huvuki maji yoyote. Hata gari zikigoma, bodaboda ni ya karibu. Ila nikwambie ukweli, kwa laki na ishirini pale choo ndani usahau. Zile ni nyumba za Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo na bafu uani.

Iddi: Nesi wa 2 Machi kupanga foleni ya bafu 😂

Hassani (kwa niaba ya Bibi): Bibi anasema watoto sita kawalea choo kikiwa uani na hakuna aliyekufa. Anauliza pia huyo mwenye nyumba anaishi hapohapo?

Mjomba Salimu: Shikamoo mama. Swali zuri. Mwenye nyumba akiishi humo, geti linafungwa kwa wakati na uani panafagiwa. Ila naye atajua kila anayekutembelea.

Mama Mwanaidi: Hapo ndipo napataka 😌

Mwanaidi: Mama jamani

Juma: Kesho Jumamosi napita Ilala mchana. Naenda na dalali wangu, yule alinitafutia mimi.

*

Juma: [Ujumbe wa sauti, 0:41]

Mwanaidi: Kaka Juma sisikii kitu. Hiyo sauti ni nini?

Juma: Nimesema chumba kizuri, kikubwa, dirisha mbili, laki moja na ishirini

Zuhura: Hajauliza chumba. Inayolia nini??

Juma: Aa, ni fundi mageti. Yuko ukuta wa pili. Anakata vyuma.

Mjomba Salimu: Kila siku?

Juma: Ngoja nimuulize

Juma: Anasema Jumapili anapumzika.

Ma'mdogo Rehema: 🤣🤣🤣 nakufa

Mjomba Salimu: Ondoka hapo. Ndiyo uzuri wa kwenda mchana. Angeonyeshwa saa moja jioni angeona mtaa umetulia kama msikiti baada ya swala, angelipa.

Juma: Kuna kingine mitaa miwili nyuma. Naenda.

Juma: [Picha]
[Picha]
Hiki laki na kumi. Hakina dari, bati tupu, mchana kitakuwa na joto. Vyumba vitano, wapangaji wote wanawake na watoto, mwenye nyumba mama mtu mzima yuko chumba cha mbele. Soketi ziko chini mjomba, nimeangalia 😂 Mlangoni hakuna tofali.

Mjomba Salimu: Vizuri. Maji?

Juma: Bomba la DAWASA lipo uani. Nimemuuliza mpangaji siyo dalali. Anasema yanatoka siku tatu kwa wiki, mara nyingi usiku, kila mtu ana madumu yake. Nimeonja, siyo ya chumvi.

Zuhura: Umeonja ya bombani??

Juma: Kwa ajili ya mdogo wangu

Mama Mwanaidi: Umeme?

Juma: LUKU moja nyumba nzima. Kila chumba elfu kumi kwa mwezi. Masharti: hakuna jiko la umeme, hakuna hita. Feni ruksa.

Mwanaidi: Pasi je?

Juma: Pasi mara moja kwa wiki, Jumapili.

Mwanaidi: Kaka mimi navaa sare nyeupe kila siku! Muulize tena. Mwambie nitaongeza elfu tatu.

Juma: Anasema elfu tano, na umpime presha kila mwezi.

Mwanaidi: Sawa 😂😂 nimekubali

Ma'mdogo Rehema: Biashara imeanza kabla hajafika.

Mjomba Salimu: Kodi anataka ya miezi mingapi?

Juma: Sita. Yaani laki sita na sitini, juu ya hapo dalali mwezi mmoja, laki na kumi. Jumla laki saba na sabini.

Mama Mwanaidi: Yarabi. Mchezo wangu unatoka tarehe 25, nao ni laki nne tu.

Mjomba Salimu: Mwambie huyu muajiriwa mpya, mshahara wa kwanza mpaka mwisho wa Machi. Aombe miezi mitatu. Usimpe dalali aongee, yeye kwake miezi sita ni rahisi. Nenda wewe mwenyewe, ukae chini, umwamkie.

Juma: Nimekaa nae. Kanipa chai. Kakubali minne, laki nne na arobaini, na anataka mkataba upigwe muhuri serikali ya mtaa. Na ya dalali, jumla laki tano na nusu.

Mjomba Salimu: Muhuri tunautaka sisi pia. Mimi natoa ya dalali.

Mwanaidi: Ahsante mjomba 🙏🙏

Ma'mdogo Rehema: Mimi elfu arobaini, na godoro. Asije na godoro kwenye basi toka Tanga, watamtoza kama abiria.

Mama Mwanaidi: Basi laki nne zangu zinatimiza. Juma, mwenye nyumba anaweza kusubiri mpaka 25?

Juma: Anataka angalau mwezi mmoja leo wa kushikia, dalali ana mteja mwingine saa kumi.

Iddi: Dalali huwa ana mteja mwingine saa kumi tangu dunia iumbwe

Juma: Huyu kweli yupo, amesimama getini na mkewe.

Mjomba Salimu: Nakutumia laki na kumi sasa hivi. Ya dalali nitailipa mkataba ukishasainiwa. Andika karatasi, mama mwenye nyumba aweke sahihi, piga picha uiweke humu.

Juma: Imeingia mjomba. Mwanaidi nitumie namba ya NIDA, inatakiwa kwenye mkataba.

Mwanaidi: Nakutumia pembeni. Humu Iddi ataikopea.

Iddi: 😂😂😂 nimekosa nini leo

Juma: [Picha]
Kasaini.